Mkangazi, Mpingo na Mwembe: Vinara wa Mbao za Gitaa

Chukua vipande viwili vya ubao vilivyolingana urefu, upana na unene, kimoja cha mkangazi na kingine cha mpingo. Kishike kila kimoja kwa vidole viwili karibu na ncha, kining'inie, halafu kigonge katikati kwa fundo la kidole. Mkangazi hujibu kwa sauti kavu, ya kifua, na hunyamaza upesi. Mpingo hulia kama kengele ya shule, na mlio wake hubaki hewani hata baada ya kushusha mkono.

Nilifanya hivyo asubuhi moja kwenye karakana ya seremala huko Chilangala, Newala, juu ya uwanda wa Makonde. Mzee alikuwa anapiga randa miguu ya kitanda cha mninga. Aliposikia mpingo unalia, akaacha randa, akakichukua kile kipande, akakipima kwa kiganja.

"Mwanangu, hiki kimenilia meno ya msumeno wangu," alisema. "Unataka kukifanyia nini?"

Nikamwambia: gitaa. Hakucheka. Aliuliza mbavu za gitaa zina unene gani, na nilipomwambia ni milimita mbili na ushee, alitazama tena kile kipande kwa muda mrefu. Mazungumzo yetu ya siku ile ndiyo yaliyonifanya nikusanye habari za vinara hawa: mbao ghali, nzito, ndefu, tulivu na duni kupindukia katika ulimwengu wa gitaa. Kadiri nilivyokusanya ndivyo nilivyozidi kuona kwamba uwanda wetu umo katika orodha hiyo zaidi ya tunavyodhani.

Kwanza tusafishe majina. Mahogani yenyewe, ile inayotajwa kwenye vitabu vya wapiga gitaa, ni miti ya jenasi ya Swietenia ya Amerika ya Kati, Amerika ya Kusini na visiwa vya Karibi. Mkangazi wetu ni Khaya anthotheca. Sapele ya Kongo na Uganda ni Entandrophragma. Wote ni wa ukoo mmoja, Meliaceae, na ndani ya ukoo huohuo umo mwarobaini uliosimama uani kwako. Kwa hiyo mtu akikuambia mkangazi ni "mahogani ya bandia", mjibu kuwa hao ni watoto wa baba mkubwa na baba mdogo.

Ghali kuliko zote

Juni 2020, kampuni ya mnada ya Julien's ya California iliuza gitaa la Martin D-18E la mwaka 1959 kwa dola 6,010,000. Ndilo mwanamuziki Kurt Cobain alilopiga New York, Novemba 1993, katika kipindi cha MTV Unplugged. Hadi siku ile hakuna gitaa jingine, la umeme wala la kawaida, lililokuwa limefikia bei hiyo mnadani. Uso wake ni wa mbao ya sprusi. Mgongo na mbavu zake ni mahogani.

Kwa kampuni ya Martin, namba 18 ina maana ya mahogani, na namba 28 ina maana ya rozwudi, ambayo siku zote imekuwa juu kwa bei. Yaani gitaa lililovunja rekodi ya dunia lilitoka kwenye tabaka la bei lililo chini ya lile la rozwudi. Dola zile zililipia mikono ya aliyelishika, mbao ilikuja kama sehemu ya mzigo.

Ukitaka mahogani inayolipiwa kwa ajili yake yenyewe, nenda Belize. Mwaka 1965, katika msitu wa Chiquibul, wakataji waliangusha mti mmoja mkubwa wa mahogani. Badala ya kulala upande walioukusudia, uliangukia bondeni, wakashindwa kuutoa, ukalala huko miaka mingi. Ulipotolewa na kupasuliwa, ndani yake mlionekana mawimbi na magamba kama ya kobe, nakshi isiyoonekana katika mahogani ya kawaida. Mafundi wa gitaa duniani kote wanauita "Mti", basi, bila jina la pili, na kila mmoja anajua ni upi unaosemwa. Mbao za kutosha gitaa moja tu huuzwa kwa maelfu ya dola. Waliouangusha hawakuwa na fikra ya gitaa. Walitaka mbao.

Mrefu kuliko yote Afrika

Hapa rekodi ni ya kwetu, na ni ya ukoo huuhuu. Mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na Mjerumani Andreas Hemp walitangaza kuwa mti wa asili mrefu kuliko yote iliyowahi kupimwa barani Afrika uko kwenye bonde moja la Mlima Kilimanjaro. Una urefu wa mita 81.5. Ni Entandrophragma excelsum, ndugu wa damu wa ile sapele ambayo viwanda vya Marekani vimeigeukia tangu mahogani ya Amerika ilipoanza kuadimika.

Sapele yenyewe ni nzito kuliko mahogani kwa kiasi kidogo, ngumu zaidi, na ikipasuliwa kwa kufuata miale ya gogo huonyesha milia inayong'aa na kufifia kadiri unavyogeuza ubao kwenye mwanga. Kampuni ya Taylor imeifanya kuwa mbao ya kawaida ya magitaa yake ya bei ya kati, na Martin nao wanaitumia. Kwa upande wa Afrika Mashariki, msitu wa Budongo, karibu na Masindi nchini Uganda, umejulikana kwa mikangazi na ndugu wa sapele tangu enzi za ukoloni.

Huku kwetu juu ya uwanda mkangazi hauna makao mazuri. Ni mti wa mabonde yenye maji, na uwanda wa Makonde ni mchanga mwekundu unaomeza mvua yote; bibi zetu walishuka makorongo na kupanda tena na mitungi kichwani kwa sababu hiyo. Huku juu hustawi mkorosho. Mkangazi unaouona kwenye karakana za Newala na Masasi umeletwa na lori.

Nzito na ngumu kupindukia

Mpingo hauhitaji utetezi. Mita moja ya ujazo ya mahogani ya Amerika ina uzito wa kilo 590 hivi. Mkangazi hufika 640, sapele 670. Mpingo mkavu hupita kilo 1,200, kwa hiyo kitu cha kwanza utakachojifunza ukitupa kipande cha mpingo kwenye ndoo ya maji ni kwamba kinazama.

Hesabu yake kwenye gitaa ni hii. Mgongo wa gitaa la ukubwa wa kawaida, wenye unene wa milimita mbili na nusu, ukiwa wa mahogani utapata gramu 200 hivi. Ukiwa wa mpingo, gramu 400 na zaidi. Ongeza mbavu mbili, na gitaa la mpingo litalizidi la mahogani kwa karibu nusu kilo kabla hujagusa shingo. Mpigaji aliyesimama ngomani hadi alfajiri ataisikia nusu kilo hiyo begani.

Lakini ule mlio! Wapigaji wanapolinganisha mbao hizi mbili husema mahogani inatenganisha sauti: kila uzi unasikika peke yake, wa kati ukiwa mbele. Mpingo unaunganisha: besi inatoka chini, ile ya juu inang'aa, na sauti inakaa. Ndiyo maana mpingo unatajwa kama mrithi wa rozwudi ya Brazili, binamu yake wa jenasi ya Dalbergia, ambayo biashara yake ya kimataifa imefungwa tangu mwaka 1992.

Tatizo la mpingo ni umbo. Mti huchukua miaka 70 hadi 100 kukomaa, na hata ukikomaa hauwi mnene. Hupinda, hujikunja, huwa na mashimo na nyufa za moyoni. Viwanda vinavyopasua vipande vya klarineti na zumari hupata karibu sehemu moja tu ya kumi ya gogo. Iliyobaki ni makapi. Klarineti inataka kipande chembamba. Gitaa linataka ubao wa upana wa shubiri moja kamili usio na ufa, na wa pili uliofanana nao ili uunganishwe katikati ya mgongo kama kurasa mbili za kitabu kilichofunguliwa. Mafundi wengi huishia kuunga vipande vinne.

Mchonga vinyago wa Kimakonde yeye huufuata mpindo wa mti: palipo na kovu anaweka uso, palipo na shimo anaweka mdomo ulio wazi. Fundi wa gitaa hana ruhusa hiyo. Nadhani ndiyo sababu uwanda huu ulitoa wachongaji waliojulikana dunia nzima na haukujulikana kwa gitaa la mpingo. Tuliujua mti kupita kiasi, tukaufanyia kinachoufaa.

Kuna rekodi nyingine ya mpingo inayostahili kutajwa kwa sauti. Mwaka 2009, misitu ya vijiji vya Kilwa, ukiwamo wa Kikole, ilipata cheti cha FSC cha usimamizi bora wa misitu kupitia mradi wa mpingo ulioko hukohuko Kilwa. Ilikuwa mara ya kwanza barani Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji wenyewe kupata cheti hicho. Maana yake kwa mwanakijiji ni kwamba gogo lililokuwa likichukuliwa kwa bei ya kutupa sasa linauzwa na kijiji, kwa vipimo, na fedha zinaingia kijijini.

Tulivu kuliko zote

Hapa nina upendeleo, nausema wazi. Mbao ya gitaa adui yake mkubwa ni hewa. Masika ubao hunywa unyevu ukavimba, kiangazi hukauka ukasinyaa, na gitaa lenye uso wa milimita tatu hupasuka mahali palipo dhaifu. Sifa kubwa ya mahogani, inayozidi hata sauti yake, ni kwamba husinyaa kidogo na husinyaa kwa usawa. Shingo ya mahogani inabaki imenyooka miaka hamsini.

Mninga unaifikia, na kwa vipimo vya kusinyaa mara nyingi unaipita. Kule kusini kwetu wengine wanauita mtumbati. Uzito wake uko jirani na mahogani, kilo 600 na kitu kwa mita ya ujazo. Ukiukata hutoa utomvu mwekundu kama damu mbichi, na mtoto akiona mara ya kwanza hudhani mti umejeruhiwa. Afrika Kusini wanauita kiaat, na mafundi wa gitaa wa huko wameutumia. Binamu yake wa Afrika ya Kati, padauk, yumo tayari kwenye magitaa ya viwanda vikubwa.

Sisi mninga tunaufanya milango na vitanda. Ni matumizi ya heshima. Kitanda cha mninga kinarithiwa. Lakini kila mara seremala anapobakiwa na vipande vya urefu wa futi mbili, visivyotosha kitanda wala kabati, huwa vinaingia jikoni. Vipande hivyo ndivyo kipimo cha mgongo wa gitaa, na kila nikiona moshi wake roho inaniuma.

Duni kuliko zote, na walizozifanyia

Mwaka 1862, Mhispania Antonio de Torres, fundi aliyelipa gitaa la kisasa umbo lake, alitengeneza gitaa ambalo mgongo na mbavu zake ni karatasi nene. Uso aliufanya kwa mbao nzuri ya sprusi, kwa uangalifu wake wote. Alitaka kuthibitisha kwamba gitaa huimba kwa uso, na kwamba mgongo ni msaidizi. Gitaa hilo lipo hadi leo.

Mwaka 1995 Bob Taylor, wa kampuni ileile ya Taylor ya California, alifanya jambo linalofanana. Aliokota palleti, yale majukwaa ya mbao ya kupangia mizigo, akatengeneza mgongo na mbavu kwa mwaloni wake. Uso aliupata kwenye boriti ya kawaida ya ujenzi. Hakuficha matundu ya misumari. Akalipeleka kwenye maonyesho ya vyombo vya muziki, na watu wakapanga foleni kulipiga.

Halafu kuna Gallotone, magitaa ya bei nafuu yaliyotengenezwa Durban na kampuni ya Gallo na kusambaa kusini na katikati ya Afrika. Liverpool pia yalifika. John Lennon alikuwa na Gallotone Champion Julai 1957, siku aliyokutana na Paul McCartney; ndani yake kuna karatasi inayodhamini kuwa halitapasuka. Mwaka 1999 liliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni 100,000. Miaka mitano kabla ya Lennon, mwaka 1952, mrekodi wa muziki Hugh Tracey alimkuta mpiga gitaa Jean Bosco Mwenda huko Jadotville, Katanga, mji unaoitwa sasa Likasi, akirandaranda na gitaa lake, akamrekodi wimbo wa "Masanga". Hakuna anayeusikiliza wimbo ule akauliza mgongo wa gitaa ulikuwa wa mti gani.

Na kwenye orodha hii namuweka mtoto yeyote wa Masasi au Newala aliyewahi kukata dumu la mafuta la lita tano, akapigilia mti wa shingo, akavuta nyaya za breki ya baiskeli. Mimi nilikuwa nalo. Lilikuwa na nyuzi tatu na sauti ya nyuki.

Jaribio kubwa kuliko yote

Watu wanaotaka kuujua ukweli wa mahogani na mbadala wake wanapaswa kulijua jaribio la Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, lililochapishwa mwaka 2018. Fundi Roger Bucknall wa magitaa ya Fylde alitengeneza magitaa sita yaliyofanana kwa kila kitu, hata nyuso zote sprusi, ila mgongo na mbavu: rozwudi ya Brazili, rozwudi ya India, mahogani, sapele, mepo na mjozi. Wapigaji 52 waliyapiga katika chumba chenye mwanga hafifu, wamevaa miwani ya kuchomelea vyuma ili wasione rangi ya mbao.

Alama walizotoa zilikaribiana mno. Gitaa la rozwudi ya Brazili, ambayo bei ya ubao wake ni mara nyingi ya ile ya sapele, halikuwashinda wenzake. Na walipopewa magitaa bila kuonyeshwa na kuombwa watofautishe, kwa jumla hawakuweza kwa uhakika.

Wapo wapigaji waliokasirishwa na matokeo haya. Mimi yalinipa furaha kubwa, maana yanampa nafasi seremala wa Chilangala. Kama sapele inakaa bega kwa bega na rozwudi ya Brazili mbele ya masikio 104, basi mninga na mkangazi hawana deni kwa mtu. Siukani ule mlio wa mpingo nilioueleza mwanzo; ubao mtupu mkononi unatofautiana kweli. Ila ukishakatwa, ukapindwa kwa moto, ukagundishwa kwenye fremu na kufunikwa na uso wa sprusi, kazi ya fundi inakuwa kubwa kuliko jina la mti.

Zinazolindwa kuliko zote

Fuata miaka hii. Mwaka 1992, rozwudi ya Brazili ikafungiwa chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Mwaka 2003, mahogani ya majani mapana ya Amerika ikaanza kuhitaji vibali. Viwanda vikageukia jamaa wengine wa rozwudi. Mwaka 2017 jenasi nzima ya Dalbergia, mpingo ukiwamo, ikaingizwa kwenye vibali, ingawa vyombo vya muziki vilivyokamilika vilisamehewa mwishoni mwa 2019. Viwanda vikaongeza mkangazi na padauk. Novemba 2022, mkutano wa CITES wa Panama ukaorodhesha mikangazi, mikongo na mininga yote ya Afrika.

Mti mmoja baada ya mwingine ulioitwa mbadala umefuata njia ileile ya uliotangulia, miaka kadhaa baadaye. Neno lenyewe, mbadala, ndilo linalonisumbua. Linaufanya mti uonekane kama mchezaji wa akiba, ambaye akichoka ataletwa mwingine. Mninga unachukua miongo mingi kufikia unene wa kupasuliwa. Hakuna benchi la akiba.

Iliyosahaulika kuliko zote

Kwa hiyo nahitimisha orodha yangu na miti ambayo hapa kwetu hakuna mkutano unaoilinda.

Sederela ya Amerika, Cedrela odorata, ndiyo mbao ya shingo za magitaa ya klasiki ya Kihispania tangu zamani. Nyepesi, yenye harufu nzuri, nayo ni ya ukoo wa mahogani. Ililetwa Tanzania kupandwa, na leo katika hifadhi ya msitu wa Kimboza, Morogoro, inahesabika kuwa mvamizi anayesonga miti ya asili. Huko kwao inaadimika, kwetu wahifadhi wanaikata kuipunguza.

Mwembe je? Visiwani Hawaii, mafundi wa ukulele na gitaa wanautumia kwa fahari. Gogo la mwembe likikaa kidogo baada ya kuangushwa, kuvu huingia na kuchora michirizi ya kahawia, kijivu na kijani, na michirizi hiyo ndiyo wanayoilipia. Uzito wake ni wa sapele. Nenda kijiji chochote kati ya Masasi na Newala, utakuta mwembe mkongwe usiozaa tena, unaongoja kuchomwa mkaa.

Nilirudi Chilangala baada ya mvua, na maelezo haya kichwani. Mzee alikuwa na jirani aliyeangusha mwembe. Tulichagua gogo pamoja, akalikagua ncha zote mbili, akapaka rangi nzito ili lisipasuke, na mwezi uliofuata akapasua mbao nne za unene wa nusu inchi. Kuna mchirizi wa kijani unaopita katikati ya mbili kama mto. Shingo itatoka kwenye kipande cha mkangazi kilichobaki kwenye mlango wa duka. Kile kipande chake cha mpingo, kilichomlia meno ya msumeno, amekubali kiwe ubao wa vidole.

Mbao ziko juu ya kenchi, chini ya bati, zimetenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite. Amesema nisizisogelee kabla ya mavuno ya korosho.